Bonde Lisilo Kijani Wala Njano

Hakuna kazi ya mkono wangu iliyowahi kubishaniwa. Nikichora tembo kwenye ukuta wa gesti pale Mikumi, ni tembo. Madereva wa malori wanapunguza mwendo wakidhani ametoka hifadhini. Nikichora simba, mbwa wa mtaa wanabadilisha njia. Naitwa Beda, kidato cha nne nimemaliza kwa heshima zote isipokuwa za hesabu, na kwa miaka mitano sasa nazunguka kati ya Mikumi na Kilosa mjini na ndoo yangu ya brashi. Naandika mabango ya saluni, nachora kuku kwenye vibanda vya chipsi, kuku mzuri kiasi kwamba mteja akiletewa yule wa kwenye sahani anaona ameibiwa. Haijawahi kutokea mtu akasimama mbele ya kazi yangu akamwuliza mwenzake, "Hivi hii ni nini?"

Haijawahi, mpaka nilipoitwa Lukwembe.

Lukwembe ni kijiji kilicho kando ya ile barabara ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa, ukishapita Ulaya. Ndiyo, Ulaya tunayo, ni kata, na kuingia hakuhitaji viza wala sweta. Wenyeji wa siku nyingi wa Lukwembe ni wakulima: mahindi, mpunga kidogo, nyanya. Halafu wako wafugaji, Wamaasai, waliofika na ng'ombe wao kabla mimi sijazaliwa na bado wanaitwa wageni. Makundi haya mawili yaligombana miaka mingi kwa maneno, kwa fimbo, na kuna mwaka mmoja kwa mapanga, mpaka wakaambiwa: kaeni chini, gawaneni ardhi yenu kwenye karatasi, kila kipande kijulikane ni cha kulima au cha kulisha. Wakakaa. Mikutano kumi na moja. Wakapata ramani.

Kijiji kikataka ramani hiyo ichorwe kwenye ukuta wa nje wa ofisi, kubwa, ili hata asiyejua kusoma asimame aone kwake ni wapi. Mtendaji wa kijiji, Bwana Rafaeli, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni na moja tu inayoandika, akanipigia simu.

"Beda, ramani unaiweza?"

"Mkuu, ramani ni tembo aliyelala."

Hiyo ilikuwa Oktoba mwaka juzi. Nilipewa rangi za mafuta makopo manne: kijani ya mashamba, njano ya malisho, bluu ya maji, nyekundu ya makazi. Kwa siku tatu nilifanya kazi mpaka watoto wa shule wakawa wanachelewa vipindi kwa kunitazama. Chini kabisa, kwa agizo la Rafaeli, nikaandika kwa herufi kubwa nyekundu: NI MARUFUKU KUGUSA RAMANI HII!! Alama ya mshangao aliagiza moja, nikamwekea mbili, ya pili bure.

Shida ilikuwa bonde la Msange.

Ni kipande kidogo, mtu mwenye haraka anakipita kwa dakika kumi. Lakini kina kijito kisichokauka na udongo mweusi unaoshika unyevu. Wakulima wanalitaka kwa sababu nyanya ya Msange inakuwa kubwa kama ngumi. Wafugaji wanalitaka kwa sababu ikifika Agosti, kwingine kote ni vumbi, na maji ya kunywesha yako hapo tu. Mkutano wa kumi na moja ulikwama kwenye bonde hilo hadi saa kumi na mbili jioni, watu wakachoka, wakaondoka, na kwenye muhtasari Rafaeli akaandika neno moja: litajadiliwa.

"Kwa hiyo hapo Msange," aliniambia, "acha peupe." Akapanda bodaboda, akaenda Kilosa kupeleka taarifa.

Nikaacha peupe. Nikarudi nyuma hatua kumi kuitazama kazi yangu. Jamani! Ramani imependeza, mto unang'aa, halafu katikati yake kitobo cheupe, kama bwana harusi asiye na jino la mbele. Nikahisi ukuta unanicheka. Nikachungulia makopo. Kijani ilibaki kidogo chini, njano ilibaki kidogo chini, na hakuna iliyotosha peke yake kuziba lile pengo. Mchoraji wa kweli hamwagi rangi. Nikamimina moja ndani ya nyingine, nikazimua kwa thina ili itoshe, nikakoroga kwa kijiti, nikaziba.

Ikatoka rangi ya ndizi iliyobakiza siku mbili kuiva. Nikaipenda. Nikaenda kulala.

Asubuhi nilipofika kuchukua ndoo yangu, nilikuta watu arobaini ukutani.

"Hivi hii ni nini?" mmoja anauliza.

"Kijani!" Huyo alikuwa Mama Doto. Jina lake la kanisani ni Magreti, lakini sijasikia mtu akimwita hivyo zaidi ya padri. Ni mjane, na ndiye anayelima Msange tangu enzi za marehemu mumewe. Watoto wake wamesoma kwa nyanya za bonde hilo. "Kijani changa kabisa, kama mahindi ya wiki mbili. Huyu kijana ana akili. Ameyachora mahindi yangu yakiwa madogo."

"Mahindi gani, mama?" Mzee Koileken, mkubwa wa wafugaji, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, fimbo begani, simu ikining'inia shingoni. "Hiyo ni nyasi ya Agosti. Njano." Akamwambia mkewe, Naanyu, neno kwa Kimaasai, wakacheka wote wawili.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Ametaja rangi ya dume letu," akajibu Naanyu, ndoo ya maziwa mkononi. "Ni yule yule, hata hapo kwenye mbavu. Sasa wewe umeona wapi dume akawa shamba?"

Ubishi ukapamba moto. Mmoja akaleta jani la mahindi, akalishika ukutani. Mwingine akaleta nyasi. Mwalimu wa shule ya msingi akasema hii ni sanaa ya kisasa. Akaulizwa maana yake nini, akakumbuka ana kipindi. Rafaeli akashuka kwenye bodaboda akiwa bado na kofia ngumu kichwani.

"Beda! Nilikwambia peupe!"

"Ni peupe, mkuu. Peupe palipovaa nguo."

"Futa! Futa sasa hivi!"

Nikachukua kitambaa, nikakilowesha thina, shingo ikiwa imenyong'onyea. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Lukwembe hawajawahi kulifanya tangu Lukwembe iwepo. Mama Doto na Mzee Koileken walipiga kelele pamoja, neno moja, kwa sauti moja:

"Usiguse!"

"Soma hapo chini," akaongeza Mama Doto, akionyesha yale maandishi mekundu. "Marufuku."

"Tena mara mbili," akasema Koileken, akizihesabu alama za mshangao.

Unaelewa? Kila mmoja aliona ameshinda. Nani anakubali ushindi wake ufutwe na kitambaa? Rafaeli akatazama huku, akatazama kule, akavua kofia yake ngumu taratibu, akaingia ofisini, akafunga mlango.

Mimi nilidhani wataanza kupigana wiki ile ile. Kumbe nilikuwa sijui watu. Mama Doto, akiwa na uhakika kwamba bonde ni lake na ukuta umesema, alipanda mahindi yake bila wasiwasi. Mzee Koileken, akiwa na uhakika kwamba bonde ni lake na ukuta umesema, alipita akamwona analima, akamwambia, "Lima tu, mama, lima. Mimi si mtu mbaya." Mama Doto akadhani huyo ni mtu aliyeshindwa, anaaga kiungwana. Mwezi wa saba alipovuna, akamtuma mtu kwa Koileken: "Mwambie alete ng'ombe wale mabua, wanywe maji. Mimi si mchoyo." Koileken akadhani mgeni wake ameshamaliza na anarudisha uwanja. Ng'ombe wakaingia, wakala mabua, wakanywa, wakaacha samadi. Msimu uliofuata nyanya zikawa kubwa kuliko ngumi.

Kila mmoja mwenye nyumba, kila mmoja anamkaribisha mwenzake! Nilikuwa naenda kuwatazama kwa mbali, natamani kupiga makofi. Zamani mtu wa Lukwembe alikuwa anamzuia mwenzake kwa sababu aliogopa kunyang'anywa. Sasa hakuna anayeogopa, na mtu asiyeogopa ni mkarimu mpaka inakera.

Habari ikaenea. Watu wa Kidete walishuka kuja kuangalia. Wengine wakadai rangi inageuka: asubuhi kijani, alasiri njano. Hiyo ilikuwa kweli kwa sababu ya jua, lakini ukweli wa jua haukumvutia mtu. Dada mmoja akaanza kusema ni ishara, akawa anapitisha kiganja cha mwanawe mgonjwa pale. Wakaenda kumwuliza Mzee Abubakari, mkubwa wa msikiti, ambaye riziki yake ni kutengeneza baiskeli mkabala na ofisi.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Mzee, ile rangi ni ya Mwenyezi Mungu au ni ya Beda?"

Mzee Abubakari alikuwa amezamisha tyubu kwenye karai la maji, anatafuta tundu. Hakuinua kichwa.

"Mwaka ule wa Idi mnaukumbuka? Nusu yetu waliuona mwezi, nusu hawakuuona."

"Tunaukumbuka."

"Nusu wakala pilau Jumanne, nusu Jumatano. Ni nani ambaye hakula siku zote mbili?"

Wakacheka. Hakuna.

"Kuna aliyekwenda kwa jirani yake na panga kumwuliza mwezi ameuona wapi?"

"Hakuna, mzee."

"Basi mpelekeni mtoto zahanati, na mimi mniachie nizibe pancha."

Sasa nifike kwenye siri yangu.

Rangi niliyoichanganya kwa mabaki na thina nyingi haikuwa na nguvu. Jua la Septemba mwaka jana likaanza kuinyonya kijani yake. Wiki hadi wiki ndizi yangu ikawa inaiva. Nikiwa Mikumi nikapata habari: vijana wa upande wa wakulima wameanza kunong'ona kwamba ukuta unawageuka, na kwamba ng'ombe wakiingia tena Msange watakuta fimbo. Nikajaza mafuta kwenye pikipiki ya kuazima, nikachukua kopo dogo la kijani na brashi nyembamba, nikaenda Lukwembe.

Nilichagua Ijumaa adhuhuri. Wakulima wengi wako msikitini, wafugaji wako mnadani, ofisi imefungwa, na fundi baiskeli yuko safu ya kwanza anaswali. Nikainama ukutani. Tone la kijani, nasambaza, narudi nyuma, natazama. Tone jingine. Nakwambia, sijawahi kusisimka hivyo. Tembo ukikosea mkonga, unaurefusha. Hapa ukizidisha tone moja, mjane anapata bonde zima na ng'ombe mia moja wanakosa maji. Ukipunguza tone moja, ng'ombe wanapata na mjane anakosa. Lakini mkono wangu ulitulia, na jicho langu lilinitosha. Nilijua pa kusimama. Hakuna aliyeniona. Saa saba kasoro nilikuwa nimeshaondoka, na ndizi ilikuwa imebakiza tena siku mbili.

Mvua za masika mwaka huu zikafanya kinyume. Ukungu ukaota ukutani, pale ndizi ikawa mbichi kabisa, na sasa wakawa vijana wa Kimaasai wanaonong'ona. Juni nikarudi, Ijumaa, adhuhuri, safari hii na njano. Ni yale yale: mkono umetulia, jicho limetosha, hakuna aliyeniona.

Agosti akaja Bwana Lazaro.

Bwana Lazaro ni afisa wa ardhi, mzee wa makamo mwenye shati lililonyooshwa mpaka likaogopesha. Alikuja kufunga hesabu ya ramani za vijiji, kila kipande kiingie kwenye kompyuta na jina la kazi yake. Mkutano ukaitishwa mbele ya ukuta. Mimi nikaitwa kutoka Mikumi kama mchoraji, nikavaa shati langu la harusi za wengine.

Alitembea kwenye ukuta na fimbo ya kuonyeshea, kijani, njano, kijani, bluu, akafika Msange. Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa.

"Hii ni nini?"

"Kijani!" wakapiga kelele wa kushoto.

"Njano!" wakapiga kelele wa kulia.

"Ramani haina labda," akasema Bwana Lazaro. "Kompyuta yangu ina visanduku viwili. Mtendaji, muhtasari unasemaje?"

Rafaeli akajaribu kalamu ya kwanza, ya pili, akaona kwamba swali halikuwa la kalamu. "Unasema... litajadiliwa, mkuu."

"Tangu mwaka juzi?"

"Tunajadili, mkuu. Kwa utulivu."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikufa haraka, kwa sababu Bwana Lazaro alisema, "Basi tumalize leo. Kura ya mikono."

Nikaona Mzee Koileken anashusha mguu wake wa pili chini. Alijua kuhesabu. Lukwembe, kwa kila mfugaji mmoja kuna wakulima wanne. Kura ya mikono maana yake ng'ombe wake hawatanyweshwa tena Msange, sio Agosti hii wala nyingine yoyote. Naanyu, aliyekuwa ameketi chini na wanawake wenzake, aliweka ndoo yake tupu mapajani akaikumbatia.

Mzee Abubakari akasimama. "Mheshimiwa, kwani hakuna kisanduku cha tatu?"

Bwana Lazaro akakuna kidevu. "Kipo. Matumizi ya pamoja. Lakini hicho kinataka makubaliano, na hapa makubaliano hakuna." Akautazama ukuta tena, muda mrefu. "Labda... Sikilizeni. Kama hii rangi ilipakwa siku ile ya mwanzo, mbele ya watu, ikakaa hapa karibu miaka miwili bila kuguswa na mtu, na hakuna aliyekuja kulalamika, naweza kuichukua kama kauli ya kijiji. Lakini iwe haijaguswa. Ikiwa kuna mtu amekuja kuichezea, hiyo ni ramani iliyoharibiwa, na tunapiga kura. Mchoraji yuko wapi?"

"Nipo, mheshimiwa!"

"Umeirudia rangi hii tangu siku ile?"

Macho mia tatu. Nikamwona Mama Doto ananitazama. Nikamwona Naanyu ananitazama. Bonde zima lilikuwa limekaa kwenye ulimi wangu, na ulimi wangu, wanaonifahamu wanajua, haujawahi kuniangusha.

"Mheshimiwa," nikasema, nikajinyoosha, "brashi yangu haijafika hapa tangu Oktoba ya mwaka juzi. Ilivyo ndivyo ilivyozaliwa."

Mkutano mzima ukashusha pumzi. Bwana Lazaro akatikisa kichwa kukubali. "Vizuri. Inua mkono wa kulia, uape mbele ya mkutano."

Nikaanza kuinua mkono. Ulikuwa umefika usawa wa bega.

"Usiape, mwanangu."

Naanyu alikuwa amesimama.

"Mama, kaa," nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa meno. "Nakusaidia wewe."

"Kwetu mtu akiapa uongo, kiapo hakiishii kwake. Kinashuka kwa watoto wake."

"Mama, sina watoto."

"Utapata." Akamgeukia Bwana Lazaro. "Huyu kijana aliirudia. Ijumaa moja, mwaka jana, mwezi wa tisa. Nilikuwa napita na maziwa. Alikuwa anaongeza kijani."

Kelele ilivyolipuka, kuku wa mtendaji waliruka dirishani. Koileken alimtazama mkewe kana kwamba ameuza dume. Vijana wa upande wa kushoto walikuwa tayari wameinua mikono ya kura, hawajaulizwa. Mimi mkono wangu ulibaki hewani, nikaona nijikune nao kichwa.

Bwana Lazaro akasubiri kelele ziishe. "Mama, unajua ulichokisema? Ukinyamaza, bonde linakuwa la pamoja. Ukisema, tunapiga kura, na nyie ni wachache."

"Nimekusikia," akasema Naanyu. "Na aliongeza kijani, siyo njano. Aliongeza upande usio wangu, nikaona, nikaenda zangu. Leo pia ningeenda zangu. Lakini kiapo, hapana."

"Basi," akasema Bwana Lazaro, akafungua kalamu. "Kura."

"Ngoja kwanza, baba."

Mama Doto. Alikuwa anajifunga kanga kiunoni, ile namna ya kujifunga ambayo watu wa Lukwembe wakiiona wanasogeza watoto.

"Na Juni mwaka huu? Nilikuwa natoka Msange na tenga la nyanya. Nikamwona huyo huyo, ukuta huo huo, anaongeza njano. Njano! Kwenye shamba langu! Ningepiga yowe, mngemtoa hapa kwa mawe. Sikupiga."

"Kwa nini?" akauliza Bwana Lazaro.

"Ningepiga ili iweje? Nikipewa bonde lote leo, Julai nani ataniletea samadi? Nyie?" Akawageukia vijana wa upande wake, na mikono ikaanza kushuka mmoja mmoja. "Na nani nitamkaribisha? Mimi nimekuwa mtu wa kukaribisha ng'ombe mia moja, nikisimama pale juu naonekana mimi ni nani. Nimeuzoea ukubwa huo. Kura yenu sitaki. Atakayeinua mkono, aniinulie mbele ya macho yangu."

Hakuna aliyeinua. Mzee Koileken akasema taratibu, "Mimi ndiye ninayemkaribisha yeye."

"Haya, wewe ndiye," akasema Mama Doto.

"Kwa hiyo mlijua," akasema Bwana Lazaro, akiwatazama wanawake wawili, mmoja na mwingine. "Kila mmoja aliona ramani inasogezwa kwenda kwa mwenzake, na akakubali."

"Tuliona," akasema Naanyu.

"Hayo," akasema Bwana Lazaro, "ndiyo makubaliano." Akapiga magoti vumbini na lile shati lake, akaweka kompyuta juu ya kiti, akabofya kisanduku cha tatu mbele yetu sote. Matumizi ya pamoja. Kulima mpaka mavuno, kunywesha na kulisha baada ya mavuno.

Vigelegele! Mzee Abubakari alipiga kengele za baiskeli zote sita zilizokuwa zinasubiri matengenezo. Vijana wa Kimaasai wakaanza kuruka, vijana wa wakulima wakaanza kuruka wasivyojua kuruka, Rafaeli akatupa juu kalamu zote tatu na kudaka ile nzima tu. Na mimi je? Mimi nikaona sasa ni wakati wangu. Nikapanda juu ya ndoo.

"Ndugu wananchi!" nikasema. "Mmenifuma, nakubali. Lakini tuangalie kazi yenyewe! Miaka miwili nimeishika rangi ile katikati, haikuegemea huku wala huku. Kwa mkono huu. Kwa jicho hili. Bila kipimo, bila msaada wa mtu!"

Bwana Lazaro alikuwa anajifuta vumbi magotini. Alionekana kweli ameguswa. "Hilo ndilo ninalotaka kujua, kijana. Ulijuaje pa kuishia?"

"Kipaji, mheshimiwa," nikasema. "Mchoraji anaona pale ambapo wengine hawaoni."

Naanyu alikuwa ameshaweka ndoo yake kichwani, tayari kuondoka. Akasimama.

"Mheshimiwa," akasema, "huyu alinisimamisha njiani na maziwa yangu. Jasho linamtoka, brashi inatetemeka. Akaniambia, mama, mimi hapa sioni tena, nakuomba usimame hapo uniambie ikitosha. Nikasimama. Mimi ndiye niliyemwambia acha."

Nikashuka kwenye ndoo.

"Beda," akasema Bwana Lazaro, "ni kweli?"

Nilikuwa natafuta la kusema, na ningelipata, lakini Mama Doto hakunipa nafasi.

"Na ile ya njano," alisema, "nilimwambia mimi."